Zumreta, Mpima Maji wa Tihava

Siku Zumreta Mujkić alipopigwa kofi sokoni, mbele ya meza ya jibini na pilipili, hakurudisha mkono. Aliinama, akaokota nyanya zilizomwagika, akazirudisha kapuni moja moja, akaenda zake. Watu wa mji wa Kamenbrod wakasema, mnaona, ameona haya, ana hatia yule. Hawakumjua. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kazi yake ilikuwa kupima maji katika maabara ya afya ya mji. Kila wiki, kuanzia Mei mpaka Septemba, aliingia katika mto Tihava mpaka kiunoni, chini ya daraja la mawe, pale ambapo mji mzima huoga. Alizamisha chupa iliyochemshwa mdomo ukiwa chini, mpaka maji yamfike kiwikoni, kisha akaigeuza ielekee maji yatokako. Hakuwaacha watoto wamkaribie akiteka. Chupa iliingia katika sanduku la barafu, na kule maabara maji yakachujwa kwenye kitambaa chembamba kuliko ganda la kitunguu. Kitambaa kikalazwa katika kisahani, kisahani katika kabati la joto, siku nzima na usiku wake. Kesho yake Zumreta aliketi na kuhesabu vidoti vya buluu. Kila kidoti kilitokana na bakteria mmoja aliyetoka katika utumbo wa mtu au mnyama. Vidoti vikiwa vichache, watu waoge. Vikizidi kipimo, bango la ufukweni ligeuzwe upande mwekundu na watoto watoke majini.

Kazi hiyo ina ubaya wake mmoja: maji unayoyapima leo hukupa habari kesho. Kwa hiyo majibu yakishatoka, hayana muda wa kungoja.

Ijumaa moja ya Agosti, siku moja kabla ya mashindano ya kuruka mtoni kutoka darajani, Zumreta alifungua kabati la joto akakuta kisahani kimejaa buluu kama anga. Hakuvua hata koti la maabara. Alikimbia na karatasi mkononi hadi ofisi ya Ragib Čolaković, mkuu wa ufukwe na utalii katika halmashauri ya mji. Ragib alikuwa mtu wa tabasamu, mwenye shingo nene na mashati meupe, aliyewaita wanawake wote "mpenzi".

"Bwana Ragib, geuza bango. Sasa hivi."

Ragib aliisoma karatasi akiwa amesimama. "Zumreta, mpenzi, mahoteli yamejaa. Watu wametoka mpaka Vienna. We unataka niwapokee na bango jekundu?"

"Nataka wasioge kwenye mavi."

"Hee! Ulimi huo." Akacheka, akaiweka karatasi katika mtoto wa meza, akasukuma kwa goti. "Siku moja haijaua mtu. Jumatatu nitaligeuza kwa mkono wangu. Nenda kapumzike."

Zumreta alimwambia mkuu wake wa maabara. Mkuu akatazama dirishani, akasema bango si lao.

Jumamosi watu walioga. Jumapili jioni watoto kumi na wanane walikuwa wanatapika, na mmoja wao, msichana wa miaka sita aitwaye Ilda, alikuwa anaharisha damu. Kufika Jumatano figo zake zilikuwa zimesimama. Wakampeleka Sarajevo kwa gari la wagonjwa. Hakufa, lakini figo zake hazikurudi kama zamani, na alipofika miaka kumi na mitano zikakoma kabisa. Tangu hapo akawa anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki.

Wazazi walipodai maelezo, Ragib alizungumza redioni kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Alisema maabara ilichelewa. Alisema mpimaji alikuja na majibu Jumatatu, maafa yakiwa yameshatokea. Wakaleta daftari la maabara kuangalia, na ukurasa wa Ijumaa ile haukuwamo. Ulikuwa umekatwa kwa wembe, vizuri, karibu na mshono. Mkuu wa maabara akainamisha kichwa. Zumreta akahamishiwa chumba cha nyuma, kazi ya kuosha chupa. Na Senija, mama yake Ilda, akamkuta sokoni.

"Mwanangu umemuua akiwa hai!" alimwambia, kisha akampiga kofi.

Zumreta aliosha chupa kwa miaka kumi na moja. Wenzake walitazamia ataacha kazi. Hakuacha. Aliosha, akachemsha, akapanga, na kila asubuhi alipopita chini ya dirisha la Ragib alilitaja jina lake kimoyomoyo, kama mtu anavyogusa kisu mfukoni kuhakikisha kipo.

Ragib alinawiri. Aliacha ofisi, akajenga hoteli kando ya mto, mwendo wa dakika kumi na tano juu ya ufukwe, akaiita Vrbak kwa sababu ya mierebi iliyokuwa pale. Vyumba thelathini, baraza juu ya maji, samaki wa mtoni kwa siagi. Ufukweni alimwacha mpwa wake awe msimamizi. Na mahali pa kutekea sampuli pakahamishwa: badala ya chini ya daraja penye watu, mpimaji mpya akaambiwa achote kwenye kinu cha zamani, juu ya hoteli, mto utokako, ati kwa sababu kuna kivuli na njia nzuri ya gari. Bango likawa la kijani kiangazi chote, mwaka baada ya mwaka. Na kila mwaka watoto waliharisha, na mama zao wakalaumu aiskrimu.

Zumreta ndiye pekee aliyeona maana ya kuhamishwa huko, na alipoiona, alicheka kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Aliagiza visahani vilivyo tayari kutoka Slovenia. Akachukua sanduku la pikniki, akatia ndani taa ndogo na kipimajoto, akahangaika nalo wiki mbili mpaka joto likatulia panapotakiwa. Akaliweka kabatini, kati ya mitungi ya pilipili za siki.

Mumewe, Šaban, dereva mstaafu wa mabasi, alilikuta akitafuta kachumbari.

"Zumreta, humu kuna nini kinanguruma?"

"Maji ya mto. Usifungue, joto litatoka."

"Wake za wenzangu wana maua. Mke wangu ana mavi kabatini."

"Chukua kachumbari yako ufunge mlango."

"Naogopa hata kuila," alisema Šaban, lakini aliila, na tangu siku ile akawa anambebea sanduku la barafu mpaka mtoni bila kuulizwa.

Kwa viangazi vitatu alipima mto kama mtu anayemsaka mwizi nyumba kwa nyumba. Kwenye kinu, maji safi. Ufukweni, machafu. Akapanda hatua mia, akapima. Akapanda mia nyingine. Kiangazi cha tatu alikuwa amepashika mahali penyewe: kipande cha ukingo kisichozidi urefu wa basi, chini ya mierebi, chini kabisa ya baraza la hoteli ya Ragib. Juu ya hapo mto ulikuwa wa kunywesha ng'ombe. Chini ya hapo, kisahani kilijaa. Bomba lenyewe la maji taka halikuonekana. Lilikuwa chini ya maji, ndani ya mizizi.

Aliandika barua kwa wakaguzi bila kutia jina. Wakaja wawili. Walikula samaki barazani, wakaonyeshwa shimo la maji taka lenye mfuniko mpya, wakaandika kila kitu kiko sawa. Akaandika tena. Wakaja tena, safari hii wakaagiza na divai.

Aliyempa silaha alikuwa Ljubinka, mwenzake wa zamani, ambaye bado alikaa mbele ya kabati la joto na alibakiza miezi minne astaafu. Siku moja aliingia chumba cha kuoshea, akaweka mezani mtungi wa unga mwekundu kama pilipili ya kusaga.

"Huu ulibaki walipokuwa wanafuatilia chemchemi za mlimani," alisema. "Unaumwaga upande mmoja wa mlima, unaenda kuangalia utatokea wapi. Ukigusa maji unageuka kijani, kijani cha kuumiza macho. Haudhuru mtu wala samaki. Kijiko kimoja kinatosha kisima kizima."

Zumreta aliutazama mtungi. Ulikuwa umejaa.

"Nilinyamaza siku ile," Ljubinka alisema. "Nilikuona ukikimbia na ile karatasi. Ijumaa. Nilikuona, nikanyamaza."

"Ndiyo," alisema Zumreta. "Ulinyamaza." Akaukaza mfuniko wa mtungi, akautia katika mkoba, hakusema neno jingine la kumfariji.

Mpango wake ulikuwa Jumamosi. Jumamosi ya mashindano, kama ile ya zamani. Waziri angekuja, televisheni ingekuja, na Ragib, mfadhili mkuu, angesimama jukwaani na shati lake jeupe. Zumreta alikuwa ameiona siku hiyo kichwani mara nyingi hata alijua atavaa viatu gani.

Jumatano alichukua sampuli ufukweni. Joto lilikuwa kali, mto umepungua, hoteli imefurika. Alhamisi saa nne asubuhi alifungua sanduku kabatini. Alihesabu mpaka elfu mbili, akaacha, maana vidoti vilikuwa vimegusana kama mbegu za tikiti. Haikuwahi kuwa vibaya hivyo tangu mwaka ule.

Alifurahi. Hilo lisemwe kama lilivyokuwa. Alifurahi, akafunga sanduku, akapiga pasi gauni la Jumamosi.

Saa kumi jioni alitoka kununua mkate, na njia ya mkate hupita juu ya ufukwe. Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye majani. Bango la kijani lilining'inia palepale. Mpwa wa Ragib alikuwa anapigilia misumari ya jukwaa, na Ragib mwenyewe amesimama kando yake, anaelekeza kwa kidole. Chini ya mti wa mpopla aliketi Ilda, sasa ana miaka kumi na saba, mwembamba, na bendeji mkononi pale mashine inapoingilia. Yeye haogi. Mbele yake, maji yakimfika kifuani, alikuwa mdogo wake, Harun, wa miaka mitano. Na Senija, mama yao, ameketi ukingoni miguu ikiwa majini, anakula tikiti.

Zumreta akasimama, ameegemea ukuta.

Wazo lilimjia likiwa zima, wala hakulifukuza. Haya, Senija. Ulinipiga kwa kosa ambalo si langu. Mwache aoge. Bango si limesema kijani? Jumapili utakuja mlangoni kwangu ukilia, na mimi nitafungua dirisha la juu. Alilionja wazo hilo kama mtu anavyoonja mchuzi, akaliona tamu, na alipoliona tamu ndipo alipoogopa. Maana karatasi ya majibu ilikuwa imekaa nyumbani kwake tangu saa nne, katika mtoto wa meza ya jikoni.

Harun alijaza maji mdomoni, akainua uso, akayarusha juu kama chemchemi. Watu wakacheka. Akajaza tena.

Zumreta akateremka ngazi mbio.

"Senija! Mtoe mtoto."

Senija aligeuka, kipande cha tikiti mkononi. Alipomwona ni nani, uso wake ukafunga. "Wewe tena?"

"Maji machafu. Nimeyapima. Mtoe, na asinywe."

"Umeyapima na nini, na mwiko? Wewe si muosha chupa?" Senija alipandisha sauti ili majirani wasikie. "Kipindi kile ulipotakiwa useme ulikaa kimya, leo ndiyo umepata mdomo? Bango la kijani, hulioni?"

"Bango ni la Ragib."

"Na wewe ni wa nani? Ondoka mbele yangu, Zumreta, kabla sijasahau kwamba umezeeka."

Harun akajaza mdomo mara ya tatu. Zumreta alimtazama, akamtazama Ilda, ambaye alikuwa ameinua kichwa na kusikiliza. Kisha akapanda zile ngazi. Hakununua mkate. Alikwenda nyumbani, akachukua mtungi na chupa moja safi, akavaa gauni lililopigwa pasi kwa ajili ya Jumamosi.

"Si ulisema keshokutwa?" Šaban aliuliza.

"Leo."

"Televisheni haipo."

"Šaban, lete funguo za gari."

Barazani Vrbak alihudumiwa na kijana mpole aliyemwita shangazi. Aliagiza kahawa, akauliza choo kilipo. Ndani, alifunga kitasa, akafungua mtungi na kuumimina wote, akavuta maji. Bakuli likawaka kijani kama jicho la paka. Akavuta tena, na tena, mpaka tangi likalia kavu. Unga uliobaki vidoleni aliuosha bombani, na maji yakamgeuza mikono mpaka viwiko. Akasugua kwa sabuni. Haikutoka. Basi, akasema moyoni, na ibaki.

Alirudi mezani, akanywa kahawa yake polepole mpaka kwenye mashapo, macho majini. Alikuwa amengoja miaka kumi na moja. Hizi zilikuwa dakika, na zilimchosha kuliko miaka. Nane. Tisa. Akaanza kufikiri amekosea, kwamba shimo lile lenye mfuniko mpya huenda kweli ni shimo.

Kisha chini ya mierebi, katikati ya mizizi, ukatokea uzi. Uzi wa kijani, mwembamba, ukicheza na mkondo. Ukawa utepe. Ukawa shuka. Mgeni mmoja kutoka meza ya pili akasimama na kuita mkewe aje aone.

Zumreta aliacha sarafu mezani, akateremka njia ya kando ya mto. Hakukimbia. Alitembea sawa na rangi, yeye nchi kavu na yenyewe majini, mpaka daraja likaonekana.

Kelele aliisikia kabla hajaona watu. Mama walikuwa wanaita majina ya watoto wote kwa pamoja. Kijani kiliingia ufukweni upana wote wa mto, kikizunguka mapaja ya watu, na dakika mbili baadaye hapakuwa na mtu hata mmoja majini. Senija alikuwa amemkumbatia Harun, anamfuta mdomo na kanga ya kujikaushia, analia. Vijana darajani walikuwa wameinua simu.

"Tulieni! Tulieni!" Ragib alikuwa amepanda kwenye jukwaa lake lisilokwisha. "Ni mtu tu, mhuni fulani kafanya mzaha! Maji ni salama!" Simu yake ikalia. Akaipokea, akasikiliza, na uso ukamjaa damu. Aliteremsha simu, akazungusha macho katika umati mpaka yakampata Zumreta, gauni la pasi na mikono ya kijani.

"Ni huyu!" Ragib alipiga kelele. "Mshikeni! Mwendawazimu huyu! Amemwaga sumu hotelini kwangu, wafanyakazi wangu wameona! Amemwaga chooni kwangu! Chooni kwangu!"

Mzee mmoja, fundi viatu aliyekuja kila jioni kucheza dama kivulini, aliondoa kofia yake ya majani.

"Samahani, Ragib," alisema. "Chooni kwako, umesema?"

"Chooni kwangu! Nina mashahidi!"

"Nimekusikia. Sasa nieleze, jirani, maana mimi ni mzee. Kama kaimwaga chooni kwako, huku tunakooga imefikaje?"

Mtu mmoja akacheka, cheko fupi la hasira. Kisha sauti zikaanza kutoka kila upande.

"Jibu, Ragib!"

"Ndiyo maana wangu alitapika Juni!"

"Aiskrimu, eh? Aiskrimu!"

"Maji si ni salama? Ruka basi! Ruka na shati lako!"

Zumreta alipita katikati yao, na watu wakampa njia. Aliingia mtoni na viatu vyake, akazamisha chupa mdomo chini, mpaka kiwikoni, akaigeuza ielekee maji yatokako. Mkono ulikuwa haujasahau. Akatoka, akapanda jukwaani, akamnyooshea Ragib.

"Kunywa."

"Ondoka, mwanamke."

"Rangi haidhuru. Hayo mengine ndiyo siyajui, si umesema ni salama?" Hakupandisha sauti. "Siku moja haijaua mtu, mpenzi. Kunywa. Ilda yuko pale, anakutazama."

Ragib akatazama alikooneshwa, bila kutaka. Ilda alikuwa amesimama chini ya mpopla, mkono wenye bendeji ameushika kwa mkono mwingine. Ragib alimpiga Zumreta kikumbo cha bega, akashuka, akaelekea kwenye gari lake huku watu wakimzomea, na mpwa wake akiwa amebaki na nyundo, hajui aende au akae. Zumreta alisimama juu pale na chupa ya kijani. Moyo ulimdunda kwa raha aliyokuwa ameisahau, kama ya bibi harusi.

Polisi walikuja wakamwandikisha maelezo. Alitozwa faini kwa kutia rangi mtoni bila kibali, akailipa siku hiyohiyo, na hati ya faini akaibandika ukutani jikoni. Wakaguzi walikuja mara ya tatu, wengine kabisa, kutoka mji mwingine, na safari hii hawakula. Walichimba. Shimo lenye mfuniko mpya lilikuwa na bomba la pili upande wa mto, limefunikwa zege. Mashindano yakafutwa, hoteli ikafungwa. Watu wakamleta Ljubinka mbele ya mkaguzi, naye akasema habari ya Ijumaa ile, ya karatasi na ya wembe, akilia. Lakini mwanasheria alisema yale ni ya zamani mno, hayafunguki tena. Ragib alipata kifungo cha nje. Alihamia ghorofa ya pili ya nyumba ya dada yake.

Senija alikuja na sinia la pai ya mchicha, bado inatoa moshi. Zumreta alimwona dirishani.

"Fungua, Zumreta. Nimekuja kuomba radhi."

"Iweke mlangoni."

"Nilikukosea. Miaka yote hii…"

"Nimesikia. Iweke mlangoni."

Senija akaiweka, akasimama kidogo, akaondoka. Šaban aliila yote, akasema ina chumvi ya machozi, na Zumreta akamwambia akitaka kuchekesha watu aende mkahawani.

Harun hakuugua. Wengine waliugua, watoto tisa, siku tatu nne za tumbo, hakuna zaidi.

Ilda alikuja peke yake, wiki mbili baadaye, siku asiyokuwa na mashine. Huyo Zumreta alimfungulia. Msichana aliketi jikoni, akaitazama hati ya faini, akaomba aoneshwe sanduku lililo kabatini. Alioneshwa. Akauliza kisahani kinachukua muda gani.

"Siku moja."

"Maji uliyateka Jumatano."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo Alhamisi asubuhi ulikuwa unajua."

Zumreta alikuwa anamimina kahawa. Akaiweka birika chini. "Saa nne."

"Na ulikuja kumwambia mama saa kumi."

"Nilikuwa nangoja Jumamosi," alisema Zumreta. "Nilitaka waziri awepo." Aliona si sawa kuacha hapo, akaongeza: "Hata saa kumi nilisimama ukutani kwanza. Nilimwona mdogo wako akinywa, nikasimama."

Ilda aligeuza kikombe chake kidogo bila kunywa. Yeye hupimiwa hata maji ya kunywa kwa siku. "Muda gani?"

"Sijui. Muda wa kutosha."

Msichana hakusema amemsamehe wala hajamsamehe. Alikaa bado kidogo, akauliza mambo mawili matatu kuhusu vidoti, akaaga kwa adabu. "Haya, shangazi, kwaheri." Zumreta alibaki akitazama mlango. Kofi la sokoni halikumchoma hivyo.

Maabara ilimrudisha mbele ya kabati la joto, kiti cha Ljubinka. Alikubali kwa masharti mawili: sampuli zitekwe chini ya daraja, penye watu, na majibu yasipite ofisi ya mtu yeyote, ayabandike mwenyewe ufukweni saa ileile yanapotoka. Kiangazi kilichofuata watu walizoea kumwona akija na karatasi na gundi, na hata wasiomsalimu walinyanyuka kwenda kusoma. Mara mbili aligeuza bango kuwa jekundu baada ya mvua kubwa, na mara zote mbili alikwenda mbio, mwanamke wa miaka hamsini na mitano, bila kuvua koti.

Ragib alikutana naye mara moja tu, mwezi wa Aprili, katika foleni ya mkate. Alikuwa amekonda, shati halijapigwa pasi. Walikuwa wawili tu dukani na muuzaji.

"Zumreta," alisema kwa sauti ya chini. "Basi umeridhika?"

Alimtazama vizuri, kuanzia viatu. Alitafuta moyoni kama kuna huruma imebaki mahali, akatafuta kwa haki, kama anavyotafuta vidoti. Hakuona.

"Mkate mmoja wa duara," alimwambia muuzaji.

Akalipa, akatoka nje kwenye jua. Alisikia raha. Akaona aibu kidogo kwa raha hiyo, kisha akamega kipande cha mkate, ungali wa moto, akala akitembea.